Tundu, Unga na Jina: Historia ya Utambuzi wa Mbawakavu Wabungua-Magogo, kutoka Entebbe hadi Ajia

Utangulizi

Gogo la mti mgumu likilazwa kando ya barabara huko Ajia, katika kaunti ya Vurra, wilaya ya Arua, halimalizi majuma mawili kabla ya kuanza kutoa unga. Unga hutoka katika vitundu vidogo vya mviringo, hukusanyika kwenye mikunjo ya gome, na mvua ikinyesha hugeuka kuwa matope meupe. Mnunuzi huviona vitundu hivyo akashusha bei. Afisa huviona akaandika kwamba mbao imeharibika. Mwenye gogo naye hutafuta dawa ya kunyunyizia, mara nyingi ile iliyobaki shambani. Watu watatu wamekwisha kutoa hukumu, na mdudu mwenyewe hajatajwa jina.

Makala haya yanafuatilia namna jina hilo lilivyotafutwa nchini Uganda na katika Afrika Mashariki tangu mwanzo wa karne ya 20. Hoja yake ni kwamba maarifa ya kuwatambua mbawakavu wabungua-mbao yalikua kwa kufuata mbao zilizokuwa zikiuzwa ng'ambo, nayo yakaandikwa kwa namna inayomfaa mtu aliye na mdudu mkononi kuliko mtu aliye na gogo mbele yake. West Nile, ambayo haikuwa na msitu mnene wa kuvutia viwanda vya kupasua mbao, ilibaki pembeni mwa maarifa hayo. Kutokana na sheria mpya za biashara ya miti, pengo hilo leo lina gharama inayohesabika.

Jina linalosafiri kwa meli

Idara iliyoshughulikia sayansi na misitu iliundwa Entebbe mwaka 1898. West Nile haikuwa sehemu ya Uganda wakati huo. Eneo hilo lilikuwa ndani ya Lado, lililokodishwa kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake mwaka 1909 lilikabidhiwa kwa utawala wa Sudan, na mwaka 1914 ndipo sehemu ya kusini ilipounganishwa na Uganda, A. E. Weatherhead akiwa mkuu wa wilaya wa kwanza kukaa Arua. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1913, ofisi ya kifalme ya entomolojia ilikuwa imeanzishwa London chini ya Guy Marshall, ambaye yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa fukusi.

Ofisi hiyo ndiyo iliyoweka utaratibu uliodumu kwa miongo mingi. Mtaalamu wa koloni alimkamata mdudu, akamuua, akamchoma pini, akaandika mahali na tarehe, kisha akampeleka Uingereza kwa meli. Huko alilinganishwa na vielelezo vya makumbusho, na baada ya miezi jina la Kilatini likarudi. Ni utaratibu ambao hauwezi kudharauliwa, kwa sababu bila vielelezo hivyo hakuna jina lolote la leo ambalo lingekuwa na msingi. Hata hivyo, ulikuwa na masharti yake. Kwanza, ilibidi awepo mtu wa kukamata na kutuma. Pili, ilibidi mdudu awe na thamani ya gharama ya kutumwa, na nchini Uganda thamani hiyo ilipimwa kwanza kwa pamba na kahawa.

Mbao ziliposhughulikiwa, macho yalielekezwa Budongo na misitu ya kusini, ambako mkangazi na mvule vilipasuliwa kwa wingi. West Nile ilipewa kazi nyingine katika uchumi wa koloni. Vijana wake walipelekwa kwenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, wengine wakaandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, na ardhi yake ikapandwa tumbaku. Tumbaku inayokaushwa kwa moto hula kuni, hivyo misitu ya kupandwa katika eneo hilo ilikuwa hasa ya mikaratusi, kwa kuni na nguzo. Miti migumu ya asili iliyotawanyika katika mbuga, kwa mfano Afzelia africana ambayo Waacholi huiita beyo, ilikatwa na maseremala wa vijijini na haikupita katika daftari la kiwanda chochote. Mti usiopita katika daftari haupati mtu wa kuandika ni mdudu gani anayeutoboa.

Muguga, Kumasi, Lienz

Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi hii ilipata makao katika ukanda wenyewe. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO, lilijengwa Muguga karibu na Nairobi. Huko alifanya kazi J. C. M. Gardner, aliyekuwa amejijengea sifa Dehra Dun, India, kwa kuchunguza mabuu ya mbawakavu. Sifa hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Wataalamu wengi wa enzi hiyo waliwatambua mbawakavu waliokomaa tu, ilhali anayekutwa ndani ya mbao mara nyingi ni buu, na buu halina mabawa wala rangi ya kulinganishwa na kielelezo cha makumbusho.

Tatizo lililomkabili Gardner na mwenzake J. O. Evans lilikuwa Oemida gahani, mbawakavu wa jamii ya pembe ndefu ambaye kwa asili aliishi katika miti ya kienyeji ya nyanda za juu za Kenya, kisha akahamia katika mashamba ya misanduku iliyoletwa kutoka nje. Msanduku si mti mgumu kwa maana ya wataalamu wa misitu, lakini kisa chake kinahusika hapa. Ilibainika kwamba mdudu huyo huingia kupitia vidonda na matawi yaliyokufa, akila ndani ya mti uliosimama miaka mingi kabla haujaangushwa. Kwa hiyo dawa ya kunyunyizia gogo haikuwa na maana yoyote, na tiba ilikuwa katika namna ya kupogoa matawi. Jina sahihi lilihamisha kazi kutoka kwa mpasuaji mbao hadi kwa mtunza shamba.

Mwaka 1957 Gardner alitoa orodha yenye maelezo ya wadudu wa misitu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1967 K. W. Brown alitoa Entebbe orodha ya wadudu wa misitu ya Uganda. Katika miaka hiyohiyo Karl Schedl, aliyeishi katika mji mdogo wa Lienz nchini Austria, alikuwa akipokea vifurushi vya mbawakavu wadogo kutoka kila pembe ya Afrika na kuwapa majina. Kwa upande wa magharibi, kitengo maalumu cha kutafiti wabungua-mbao kiliwekwa Kumasi katika miaka ya 1950, kwa sababu magogo ya Ghana na Nigeria yalikuwa yakifika bandari za Ulaya yakiwa yametobolewa. Magogo yalinyunyiziwa dawa za jamii ya lindani mara tu baada ya kukatwa. Lindani yenyewe iliwekwa chini ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2009 kwa sababu haiozi upesi katika mazingira.

Orodha hizi ni hazina, lakini orodha ya aina hii huanza na mdudu, kisha ikataja miti anayoishambulia. Mtu wa Ajia au Koboko huanza upande wa pili: ana mti, ana tundu, ana unga, na mdudu kwa kawaida amekwisha kuruka. Juu ya hilo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, taasisi za Muguga zilibaki upande wa Kenya. Uganda nayo ilikuwa katika utawala wa Idi Amin, na baada ya kuanguka kwake mwaka 1979 sehemu kubwa ya watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Hakuna aliyekuwa akikusanya mbawakavu.

Tundu lina tarehe

Pamoja na hayo yote, kazi ya Kumasi, Muguga na maabara za mbao za Uingereza iliacha maarifa ambayo hayahitaji makumbusho. Kila kundi kubwa la wabungua-mbao hushambulia mti katika hatua fulani ya maisha yake, na huacha alama ya hatua hiyo. Tundu lina tarehe, kwa maneno mengine, na anayejua kuisoma huweza kusema mengi bila kumwona mdudu.

Wa kwanza ni wale wanaoingia mti ukiwa hai, au unapokufa, au gome likiwa bado limeshika. Hawa ni pembe ndefu na jamaa zao wenye rangi za kung'aa wa familia ya Buprestidae. Mayai hutagwa juu ya gome au katika nyufa zake, mabuu hula chini ya gome kisha huzama ndani. Tundu la kutokea huwa na umbo la yai, wakati mwingine lililobonyea, na njia hujazwa nyuzi au unga uliokandamizwa. Mti wa namna hii ulikuwa na mgeni kabla ya shoka.

Wa pili ni mbawakavu wa ambrosia, na hapa panafaa kukaa kidogo, maana ndio wanaosababisha makosa mengi zaidi. Jina lao lilitokana na Josef Schmidberger, ambaye mwaka 1836 aliona utando mweupe katika njia zao akauita ambrosia, chakula cha miungu wa Wagiriki. Mwaka 1844 Theodor Hartig akaonyesha kwamba utando huo ni kuvu. Mbawakavu hawa hawali mbao hata kidogo. Hubeba mbegu za kuvu, huzipanda katika kuta za njia wanazotoboa, na hulisha watoto wao mazao ya shamba hilo. Ni wakulima, na kama wakulima wote wanahitaji maji: kuvu hustawi katika mbao mbichi tu. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30, shamba hufa na mkulima hufa nalo au huhama. Matundu yao ni ya mviringo kamili, mara nyingi kati ya nusu milimita na milimita 3, kuta zake zimepakwa weusi au kahawia ya kuvu, na njia yenyewe ni safi, kwa kuwa taka zote husukumwa nje. Huo ndio unga mweupe unaoonekana kwenye gome. Baadhi hutoa taka kama vijiti vidogo vilivyosimama, na wale wa kundi la Platypodinae hutoa nyuzinyuzi.

Maana ya haya kwa mwenye gogo ni kubwa. Mbao yenye matundu ya ambrosia ikikaushwa vizuri haiendelei kuliwa, nguvu yake hupungua kidogo sana, na kinachobaki ni doa jeusi lisilopendeza. Kuinyunyizia dawa baada ya kukauka ni kumpiga maiti.

Wa tatu ni kinyume chao. Lyctus na jamaa zake huja mbao ikiwa imekwisha kukauka, wakati mwingine ikiwa tayari ni kitanda au fremu ya mlango. Wao hula wanga uliohifadhiwa katika tabaka jeupe la nje la miti migumu yenye vinyweleo vipana. Jike huionja mbao kwa kuing'ata kabla ya kutaga. Tundu lao ni la milimita 1 hadi 2, unga wao ni laini kama wa ngano, na mashambulizi hurudiwa kizazi baada ya kizazi mpaka tabaka lote jeupe ligeuke vumbi. Moyo wa mti hawaugusi. Ndiyo sababu milango ya kale ya Zanzibar na Lamu, iliyochongwa kwa moyo wa mbambakofi, msaji au mfenesi, imevuka vizazi vingi. Mbambakofi na beyo ni ndugu wa jenasi moja, Afzelia, nayo beyo ina sifa ileile: moyo wake ni mgumu kuliwa, na tabaka lake jeupe ni karamu.

Kati ya hawa wawili wako Bostrichidae, wenye kichwa kilichoinamia chini ya kofia ya kifua kiasi kwamba ukiwatazama kutoka juu huwaoni uso. Hawa huingia magogo mabichi na pia mbao zinazoendelea kukauka. Mbawakavu mzima mwenyewe huchimba ili kutaga, kwa hiyo kuna matundu ya kuingilia na ya kutokea, na njia za mabuu hujazwa unga mkavu uliokandamizwa, mkavu na wa chembe kubwa kuliko wa Lyctus.

Mafunzo mawili ya gharama

Afrika Mashariki imelipa mara mbili kwa kuchelewa kutambua wabungua-mbao, na mara zote mbili uharibifu ulionekana nje ya mbao.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora walianza kupoteza mahindi ghalani kwa kasi ambayo haikulingana na fukusi waliowazoea. Mdudu huyo, waliyemwita dumuzi, alithibitishwa mwaka 1981 kuwa Prostephanus truncatus, Bostrichidae kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Kwa muda alishughulikiwa kama mdudu wa ghala tu. Jina la familia yake lilikuwa limekwisha kudokeza jambo jingine, kwamba jamaa zake karibu wote ni wa mbao, na tafiti za miaka ya 1990 nchini Kenya zilionyesha kuwa anaweza kuzaliana katika miti ya porini mbali na mahindi. Kusafisha ghala peke yake hakukuweza kumaliza chanzo. Ndipo adui wake wa asili, mbawakavu Teretrius nigrescens, alipoachiliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka uliofuata.

Kisa cha pili ni cha Uganda. Mwaka 1993, huko Bundibugyo, mbawakavu mdogo mweusi wa ambrosia aliyetoka Asia, Xylosandrus compactus, aliripotiwa katika vijiti vya kahawa. Katika wilaya hiyohiyo na mwaka huohuo mnyauko wa kahawa ulioletwa na kuvu uliripotiwa pia. Kwa mtazamo wa haraka yote mawili ni majani yanayokauka. Tofauti iko katika kitundu kisichofika milimita moja upande wa chini wa kijiti, na katika ukweli kwamba mdudu hukausha tawi kuanzia kitundu hicho hadi ncha, ilhali mnyauko huua mti mzima. Mkulima anayeng'oa mti kwa sababu ya mdudu amepoteza miaka. Anayepogoa tu mti wenye mnyauko ameacha ugonjwa shambani. West Nile ina kahawa yake katika nyanda za Zombo na Nebbi, hivyo jambo hili si la upande wa pili wa nchi.

Gogo kama ushahidi

Hali ya West Nile imebadilika kwa haraka katika muongo mmoja. Kambi ya Bidibidi ilifunguliwa Yumbe mwaka 2016, ikifuata makazi ya zamani ya Rhino Camp na mengine, na mahitaji ya nguzo yakaongezeka. Nguzo nyembamba za miti michanga karibu zote ni tabaka jeupe. Hazina moyo wa kuzilinda, na mjengaji anayelaumu mchwa peke yao huenda anaacha Lyctus na Bostrichidae waendelee kula juu ya paa.

Jambo zito zaidi ni la kisheria. Katika mkutano wa CITES uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022, spishi za Kiafrika za Afzelia, Khaya na Pterocarpus ziliingizwa katika Kiambatisho cha Pili, uamuzi ulioanza kutumika Februari 2023. Tarehe 19 Mei 2023 Rais Museveni alitoa Amri ya Utendaji Namba 3, inayozuia ukataji miti kwa ajili ya mkaa wa biashara kaskazini na mashariki mwa nchi. Arua na Koboko ziko mpakani mwa Kongo na Sudan Kusini, na mbao za Ituri zimekuwa zikivuka kuelekea Kampala na Mombasa kwa miaka mingi. Gogo la beyo au la mkangazi katika eneo hili kwa hiyo limekuwa hati: lina asili, lina tarehe ya kukatwa, na kuna mtu atakayeulizwa.

Utetezi unaotarajiwa katika mashauri ya namna hii ni kwamba mti ulikuwa umekufa au kuanguka zamani. Hapo ndipo unga mweupe wa Ajia unapogeuka kuwa shahidi. Mbawakavu wa ambrosia hawaingii mbao iliyokauka miaka mingi. Matundu yao yakiwa mapya, kuta hazijawa nyeusi na taka bado zinatoka, mbao hiyo ina unyevu wa mti ulioangushwa au uliokufa karibuni. Dalili hii peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani, kwa kuwa mti unaokufa wenyewe ukiwa umesimama nao huwavutia. Inatosha, hata hivyo, kuuliza swali la pili, na mahakama isiyojua kuisoma hupoteza swali hilo.

Upande wa pili wa mizani ni wa serikali yenyewe. Magogo yakizuiliwa na kuachwa uani na magome yake, huku shauri likiahirishwa, wabungua-mbao hawangoji hukumu. Kuondoa gome, kuinua gogo kutoka ardhini na kulipasua mapema kwa kibali cha mahakama ni hatua rahisi. Zinatakiwa katika siku za mwanzo, maana ambrosia hufika ndani ya siku chache. Na pale gogo linapouzwa kwa mnada kama "lililoharibika" kwa sababu ya matundu ambayo hayajaugusa moyo, hasara ya umma inakuwa faida ya mnunuzi mmoja anayejua kusoma tundu.

Msamiati wa fomu

Kiswahili kina kitenzi kizuri, bungua, kinachotumiwa kwa mdudu anayekula nafaka au mti kwa ndani. Kina fukusi, dumuzi, mchwa na mbawakavu. Majina hayo hutumiwa kwa kuachiana nafasi, na katika mazungumzo ya kibiashara yote humezwa na neno moja, mdudu. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ikiikuta Sudan Kusini tangu 2016, pande zote tatu za mpaka wa Koboko ziliingia katika jumuiya ambayo Kiswahili ni lugha yake rasmi mojawapo. Nchini Uganda Kiswahili kilikubaliwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na wafanyabiashara wa Arua na Ariwara wamekuwa wakikitumia, pamoja na Lingala, muda mrefu kabla ya hapo.

Fomu ya ukaguzi wa mbao inayoeleweka Arua na Aru pia ingehitaji mistari michache tu kuhusu wadudu: kipenyo cha tundu kwa milimita, umbo lake, mviringo au yai, njia ni tupu au imejaa, kuta zina weusi au hazina, unga ni laini, wa chembe, au nyuzi, uharibifu uko katika tabaka jeupe au umefika moyoni, gome lipo au limeondolewa. Mbawakavu akipatikana, awekwe katika chupa ya spiriti pamoja na kipande cha mbao chenye tundu, na tarehe. Kituo cha utafiti cha Abi kipo Arua penyewe, taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu ipo Kifu, Mukono, na chupa hiyo hufika huko kwa basi la usiku.